Akiba Haiozi, Lakini Huliwa na Fukusi

Wahenga wetu walituachia neno fupi: akiba haiozi. Neno hili twalipenda, nasi twawafundisha watoto wetu wangali wadogo. Lakini mama yeyote aliyepata kufungua debe lake la kunde mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimekaribia, akakuta unga chini ya debe na tundu katika kila punje, ajua kwamba neno hilo lataka kukamilishwa. Akiba haiozi ikiwa imelindwa. Isipolindwa, huliwa na mlaji aliye mdogo kuliko wote nyumbani, asiyebisha hodi wala kunawa mikono, naye ni fukusi.

Tumfikirie mama mmoja wa Usagara, mjini Tanga, mwenye shamba lake upande wa Muheza. Masika ilipokuwa ikielekea mwisho alipanda kunde, akapalilia, na mwezi wa Julai akavuna madebe matatu. Moja alilikusudia kuwa chakula cha watoto, moja la kuuza apate daftari na sare za shule, na moja la mbegu. Shoga yake akamwambia, "Mwenzangu, uza sasa, ukizikalia zitaliwa na fukusi." Naye akaona maneno hayo ni ya kweli, maana mwaka uliotangulia ziliharibika. Akauza madebe mawili wakati uleule ambao kila mkulima anauza na bei iko chini. Debe la tatu akaliweka uvunguni, kifuniko chake kimelegea. Vuli ilipokaribia alikuta maganda matupu. Ikambidi aende Ngamiani kununua kunde za mbegu kwa bei ya wakati wa uhaba, wala hakujua zimetoka shamba gani, wala kama zitaota.

Mama huyu hakuibiwa, wala mvua haikumnyima, wala hakuwa mvivu. Hata hivyo alipoteza mara mbili: mara ya kwanza alipouza kwa hofu, na mara ya pili alipoifungua akiba yake akakuta haipo. Hasara ya namna hii haiandikwi katika daftari lolote, nayo yatokea mwaka kwa mwaka katika nyumba nyingi za nchi yetu. Kwa sababu hiyo twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu jinsi kunde, mbaazi, choroko na maharagwe yawezavyo kulindwa kwa vitu vilivyo karibu nasi, hasa vile vitokavyo katika mimea: mwarobaini wa uani, mafuta ya jikoni na majivu ya mekoni. Tena twapenda kuwaonya, maana si kila kitokacho mtini ni salama.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Karibu robo ya uzito wa kunde kavu ni protini, yaani kile chakula kinachojenga mwili. Katika nyumba ambayo nyama huliwa siku za sherehe tu, na samaki hununuliwa pesa ikipatikana, mtoto hukua kwa mbaazi za nazi za asubuhi na kwa maharagwe ya jioni. Fukusi akiimaliza akiba, sufuria hubaki na ugali mtupu. Basi vita hivi vyatuhusu sisi sote, wakulima na wasio wakulima.

YATUPASA KUMJUA ADUI

Watu wengi humwona fukusi akitembea juu ya kunde, humwua, wakadhani wamefanya kazi. Kumbe yule tumwonaye siye anayekula. Fukusi wa kunde akiwa mkubwa hahitaji chakula. Huishi siku chache tu, yapata wiki moja au mbili, na kazi yake ni kuzaa. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 100, naye huyabandika juu ya ganda la punje kama kwamba ameyatia gundi. Ukiitazama punje kwa makini utayaona, madoa madogo meupe. Yai likianguliwa, buu hutoboa ganda, huingia ndani ya punje, na huko hula kwa siri mpaka akue. Katika joto la pwani yetu hutoka akiwa fukusi kamili baada ya mwezi mmoja hivi, akiacha lile tundu la mviringo tunalolijua.

Na tuhesabu. Tuseme majike 10 tu wameingia katika debe lako mwishoni mwa Julai. Tuseme tena kwamba mayai mengi yameharibika, na kila jike amepata watoto 20 tu walio hai, nusu yao majike. Mwishoni mwa Agosti watakuwapo fukusi 200. Mwishoni mwa Septemba 2,000. Mwishoni mwa Oktoba 20,000. Na mwishoni mwa Novemba 200,000. Debe zima la kunde lina punje zipatazo laki moja. Haba na haba hujaza kibaba, nasi twaona hapa kwamba haba na haba hukimaliza pia. Ndiyo maana debe huonekana zima mwezi wa Agosti, na mama akaridhika, kisha likawa unga kabla ya vuli kwisha.

Maharagwe yana adui wake mwingine, wa namna mbili. Yule wa nchi za joto hubandika mayai juu ya punje kama fukusi wa kunde. Yule apendaye nchi za baridi, kama milima ya Lushoto, huyatawanya mayai yake ovyo katikati ya maharagwe bila kuyabandika. Tofauti hii yaonekana kuwa ndogo, lakini tutaona mbele kwamba ina faida kwetu.

Yafaa tujue jambo moja zaidi. Mara nyingi vita havianzi ghalani, bali shambani. Kunde zikiisha kukauka katika mti wake, fukusi huruka akaja kutaga juu ya makaka. Basi mkulima anayeziacha kunde zake shambani wiki baada ya wiki kwa kuwa ana shughuli nyingine, huwabeba adui mwenyewe ndani ya gunia na kuwafikisha nyumbani.

USAFI NA UKAVU HUTANGULIA DAWA

Dawa yoyote, ya mtini au ya dukani, haiwezi kuokoa kunde zilizotiwa mbichi katika gunia chafu. Vuneni mara makaka yanapokauka. Zianikeni kunde juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka zikauke kabisa. Kisha zipepeteni na kuzichagua, mkiondoa zilizovunjika na zilizotoboka. Zilizotoboka zisirudishwe kamwe ghalani, wapeni kuku.

Kuna njia rahisi ya kupima ukavu. Chukueni chupa kavu, mtie chumvi kavu kidogo pamoja na kunde kiasi cha robo ya chupa, mfunge na kuitikisa kwa dakika chache, kisha muiache itulie. Chumvi ikigandamana ubavuni mwa chupa, kunde zingali na maji, zirudisheni juani. Chumvi ikibaki chini bila kushika chupa, zimekauka vya kutosha.

Magunia ya zamani yachemshwe na kukaushwa juani kabla ya kutumiwa tena. Chumba kifagiliwe, na kunde za mwaka jana zisichanganywe na za mwaka huu. Magunia yawekwe juu ya mbao au uchaga, mbali kidogo na ukuta. Kazi hizi hazihitaji pesa, ila mikono na bidii. Nazo zikikosekana, yote tutakayosema hapa chini ni bure.

MWAROBAINI, MTI TUUPITAO KILA SIKU

Mti huu watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Waupanda uani na kando ya barabara kwa ajili ya kivuli, na jina lake lajulisha sifa yake: wazee walisema huponya maradhi arobaini. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, lakini umekuwa mwenyeji kwetu. Mwaka 1959, nchini Sudani, mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wakishuka na kula majani ya kila mti isipokuwa ya mwarobaini. Wakulima wa Bara Hindi walikuwa wakitia majani yake katika nafaka tangu zamani, lakini tukio lile liliwafanya mabingwa wengi waanze kuuchunguza. Mwaka 1968 wanasayansi wa Uingereza walifaulu kuitenga katika mbegu zake dawa iitwayo azadirakitini.

Dawa hii haifanyi kazi kama sumu ya ghafla. Mdudu akiigusa au kuionja hukataa kula, hupoteza nguvu ya kutaga, na buu wake hashindi kujivua ngozi ili akue. Kwa hiyo mtu asitie mwarobaini leo akategemea kukuta mizoga kesho. Hukomesha kizazi kijacho zaidi ya kukiua kilichopo.

Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya. Hutia majani machache makavu juu ya gunia, na fukusi wakizidi, husema mwarobaini haufai. Ukweli ni kwamba nguvu kubwa ya mti huu imo katika kokwa za mbegu. Majani yana nguvu haba. Tena jua kali huiharibu dawa yake. Basi fanyeni hivi. Okoteni matunda yaliyoiva, mwondoe nyama yake, muzioshe mbegu vizuri, na kuzikausha kivulini penye upepo mpaka zikauke kabisa. Zenye ukungu zitupwe, maana ukungu una sumu yake yenyewe. Zikikauka, zivunjeni maganda, mzitwange kokwa kinuni hata ziwe unga. Kipimo ni gramu 10 mpaka 20 za unga kwa kila kilo moja ya kunde, yaani kilo 1 mpaka 2 kwa gunia la kilo 100. Changanyeni taratibu ili kila punje ipate unga kidogo.

Wengine huyakamua mafuta ya kokwa hizo, kwa kuukanda unga pamoja na maji ya moto kidogo na kuuminya. Mafuta haya yana nguvu zaidi. Mililita 2 mpaka 5 hutosha kwa kilo moja ya mbegu.

Lakini twasema wazi, na mama mwenye watoto asikie: mwarobaini utumieni katika kunde za mbegu, si katika kunde za chungu. Uchungu wake hushika punje, wala hautoki upesi. Tena kuna habari ya kuhuzunisha. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza jinsi watoto wadogo walivyougua vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya kienyeji. Mti unaoweza kumzuia mdudu asikue hauwezi kuchezewa katika tumbo la mtoto, wala la mama mjamzito. Kwa hiyo chombo cha mbegu na chombo cha chakula visiwe kimoja. Chombo cha mbegu kitiwe alama, kiwekwe juu, na kila mtu wa nyumbani aambiwe.

KWA KUNDE ZA CHUNGU

Kunde za kula zalindwaje basi? Kwa vitu ambavyo jikoni vimezoeleka.

Cha kwanza ni mafuta ya kupikia. Mwaka 1978 wataalamu wa Chuo cha Kimataifa cha Kilimo cha Nchi za Joto, kilichoko Ibadan nchini Nigeria, walitangaza kwamba mafuta ya karanga, kwa kipimo cha mililita 5 kwa kilo moja ya kunde, huwazuia fukusi wasiendelee. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mafuta mengine ya kula hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, na watu wa pwani wanayo ya nazi. Sababu yake ni nyepesi kufahamu: yai lililobandikwa juu ya ganda huvuta hewa kama sisi, na mafuta yakilifunika hulisonga. Basi mimineni kijiko kimoja kwa kila kilo, mkisugua kunde kwa viganja mpaka zote zing'ae. Zisilowe; zing'ae tu. Jambo la kukumbuka ni kwamba mafuta huliua yai na buu aliyeanguliwa karibuni, lakini hayamfikii aliyekwisha kuingia ndani kabisa. Kwa hiyo yapakwe mara baada ya kukausha na kuchagua, wala si baada ya matundu kuonekana. Tena nguvu yake hupungua kadiri miezi ipitavyo, na mafuta yenyewe huweza kuchacha. Basi afadhali kupaka kiasi cha kuliwa katika miezi michache.

Cha pili ni majivu. Bibi zetu waliyatumia, ila vijana wengi hutia konzi moja juu ya gunia na kutegemea miujiza. Majivu hufanya kazi kwa kujaza nafasi baina ya punje, fukusi akashindwa kutembea, kukutana na mwenziwe na kutaga. Kwa hiyo lazima yawe mengi. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba yafaa vipimo 3 vya majivu kwa vipimo 4 vya kunde, kisha tabaka ya majivu matupu juu yake, unene wa sentimita 3 hivi. Majivu yawe makavu, yamepoa na yamechekechwa. Njia hii yafaa kwa chungu au ndoo ya nyumbani, si kwa magunia 20 ya mfanyabiashara. Siku ya kupika, kunde huchekechwa na kuoshwa, basi.

Cha tatu ni jua lenyewe. Kunde zikipata joto la digrii 57 kwa saa moja, fukusi hufa pamoja na mayai na mabuu walio ndani ya punje. Kuanika kwa kawaida hakufikishi joto hilo. Lakini tandikeni nailoni nyeusi mahali penye jua, mtandaze kunde kwa tabaka nyembamba, mzifunike kwa nailoni nyeupe ipitishayo mwanga, na kuizungushia mawe pembeni ili joto lisitoke. Saa mbili au tatu za adhuhuri katika siku isiyo na mawingu zatosha. Kisha ziacheni zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, zisije zikatoa jasho ndani ya chombo. Hii ndiyo njia ya pekee kati ya zote tulizozitaja iwezayo kumfikia buu aliyekwisha kujificha ndani.

Na baada ya kutumia jua, fungeni kunde katika chombo kisichopitisha hewa: dumu au ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, au ile mifuko ya tabaka tatu inayouzwa siku hizi. Jazeni chombo mpaka juu ili hewa isibaki. Fukusi wachache wakiponea humo, huimaliza hewa iliyobaki, wakakoma kula na kuzaa. Lakini anayefungua chombo kila asubuhi kuchota kibaba kimoja huwaletea hewa mpya. Afadhali kuwa na madumu madogo matano kuliko pipa moja kubwa.

Wenzetu wa Lushoto wenye maharagwe wana njia moja zaidi isiyogharimu hata senti moja. Tulisema kwamba yule mdudu wa nchi za baridi hayabandiki mayai yake. Buu wake mdogo akitaka kutoboa harage, hana budi kujiegemeza kwenye harage la pili apate nguvu, na kazi hiyo humchukua karibu siku nzima. Wachunguzi wa Marekani walionyesha mwaka 1991 kwamba chombo kilichojaa nusu kikiviringishwa kidogo mara tatu kwa siku, maharagwe hugeuka, buu hupoteza tundu lake alilolianza, akaanza upya, mpaka akafa kwa kuchoka. Mtoto aweza kuviringisha dumu asubuhi, adhuhuri na jioni, na hilo likawa fungu lake katika kazi za nyumbani. Kwa kunde njia hii haifai, maana mayai yake yamebandikwa.

TUJIHADHARI NA JINA LA "ASILI"

Siku hizi neno "asili" limekuwa na utamu mkubwa. Mtu akiambiwa dawa ni ya asili, hufungua mkono bila kuuliza. Lakini utupa nao ni wa asili. Watu wa pwani na wa mito waujua tangu zamani kwa kulewesha samaki, uvuvi ambao huua hata vifaranga vya samaki na umekatazwa na sheria. Majani yake makavu yakisagwa huwaua fukusi wa kunde, ni kweli, kwa kuwa yana rotenoni. Lakini rotenoni ni sumu. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2008 kutoikubali tena miongoni mwa dawa za mimea. Tena wataalamu waliochunguza utupa wa mashamba ya Malawi walitangaza mwaka 2012 kwamba mti huo una namna mbili zinazofanana kwa macho: moja ina sumu hiyo, na nyingine haina wala haimdhuru fukusi. Basi mkulima aweza kuchuma majani ya mti wa jirani, akafuata kila agizo, na akiba yake ikaliwa vilevile. Kwa kunde za kula, sisi hatushauri utupa. Kwa mbegu, aliye na mtaalamu wa kilimo karibu amwulize kwanza.

Wala hatusemi kwamba dawa za dukani ni mwiko. Mwenye magunia mengi aweza kuzihitaji. Lakini azinunue zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, katika pakiti yake yenye maandishi, si unga uliopimwa kwa kijiko na kufungwa katika gazeti. Ayasome maandishi: ni ya mbegu au ya chakula, kipimo ni kiasi gani, na siku ngapi zipite kabla ya kula. Na vile vidonge vya kufukizia visiingizwe kamwe katika nyumba wanamolala watu, maana hutoa hewa yenye sumu ya kuua, nayo haichagui baina ya fukusi na mtoto.

Hapa pana neno la haki pia. Anayeuza kunde alizozitia dawa ya mbegu, akamwambia mnunuzi ni za kula, hakumdanganya juu ya bei tu. Ameweka mkono wake katika sufuria ya nyumba asiyoijua. Na mnunuzi asione haya kuuliza: zilitiwa nini, na lini? Mwuzaji mwaminifu atajibu.

TUANZE NA DEBE MOJA

Tumrudie sasa mama wetu wa Usagara. Mwaka ujao akivuna madebe matatu, hana haja ya kuogopa maneno ya shoga yake. Debe la mbegu alichanganye na unga wa kokwa za mwarobaini, kama theluthi moja ya kilo, alitie alama na kuliweka juu. Kabla ya kupanda, achukue punje 10, azifunge katika kitambaa kibichi kwa siku chache, aone zimeota ngapi. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni njema. Debe la chakula alitie juani chini ya nailoni, kisha aligawe katika madumu madogo. Na debe la kuuza alitunze vivyo hivyo, alifungue wakati bei imepanda, siyo wakati hofu imemshika.

Hatumwambii kwamba hatapoteza hata punje moja. Twamwambia kwamba atakayeuza atakuwa yeye, kwa siku aitakayo, wala si fukusi atakayempangia siku.

Twawaomba basi wasomaji wetu jambo moja lisilo kubwa. Mavuno haya yajayo, kila nyumba ichukue debe moja tu na kulilinda kwa njia mojawapo tuliyoieleza, na debe lingine iliache kama ilivyozoea. Baada ya miezi mitatu yafunguliwe yote mawili mbele ya watoto, na punje 100 zihesabiwe kutoka kila moja: ngapi zina tundu, ngapi hazina. Hesabu hiyo itawafundisha watoto, na majirani pia, kuliko maneno yetu mengi. Na atakayeona faida amwambie mwenziwe sokoni, kisimani na shambani, maana fukusi hana mpaka. Akiachwa katika ghala la jirani, kesho ataruka mpaka kwako.

Wazee walisema akiba haiozi. Nasi tutasema vilevile kwa moyo mweupe, siku tutakapokuwa tumekwisha kuilinda.